Jumapili ya Ndila

Musyimi alipomwoa Ndila, alimwahidi baba mkwe wake mbele ya wazee kwamba binti yake ataendelea kusali kanisani. Musyimi alikuwa Mwislamu, mzaliwa wa Makindu, muuzaji wa spea za pikipiki. Ndila alikuwa Mkristo kutoka Migwani. Kwa miaka kadhaa ahadi hiyo haikumsumbua. Jumapili mke wake alimbeba mtoto wao Halima, akaenda, akarudi mchana na njaa yake.

Kisha kanisa likapata mwalimu mpya wa kwaya, Mbaluka.

Ndila akaanza kumtaja. Mara Mbaluka amemwambia ana sauti nzuri, mara Mbaluka amempa wimbo aimbe peke yake. Jumatano moja Musyimi alifunga duka mapema akapita karibu na kanisa. Mazoezi yalikuwa yamekwisha, wanakwaya wamesimama nje, na Ndila alikuwa anacheka, mkono mdomoni, kama alivyocheka naye walipokuwa wachumba. Musyimi alimtazama Mbaluka akitamani awe na sura mbaya. Hakuwa nayo.

"Jumapili hii usiende," alisema wakila.

"Kuna nini, Baba Halima?"

"Wewe ni mke wa Mwislamu. Dini yangu hairuhusu."

Ndila aliweka kijiko chini. "Ulipokuja kwetu ulimwambia baba inaruhusu. Imebadilika lini?"

Kesho yake, baada ya sala ya alasiri, Musyimi alibaki msikitini kutafuta jibu kwa Maalim Mutie.

Maalim alimsikiliza hadi mwisho. "Ulipomwoa alikuwa Mkristo?"

"Ndiyo."

"Basi dini ilikuruhusu kumwoa na imani yake. Mtu halazimishwi kuamini, Musyimi, na mke ni mtu. Akitaka kwenda kusali, usimsimamie mlangoni."

"Nasikia wako wanavyuoni wanaosema mume anaweza kumzuia asitoke."

"Wako. Nimewasoma, na nimewasoma waliowapinga. Lakini wewe uliwekewa sharti ukalikubali. Mwislamu akiahidi, amejifunga." Maalim akamtazama. "Mwaka jana alikuwa anaenda kanisani?"

"Alikuwa anaenda."

"Ulikuja kuniuliza?"

"Hapana."

"Sasa kimebadilika nini?"

Musyimi alikuna mkeka kwa kidole. "Kuna mwalimu wa kwaya."

Maalim hakucheka. "Hilo ni la wewe na mkeo. Kazungumzeni, na uliite kwa jina lake. Wivu usiuvalishe kanzu."

Alimkuta Ndila akianua nguo. Alisimama upande wa pili wa kamba, mahali ambapo shuka lilimficha uso.

"Si dini," alisema. "Ni Mbaluka."

Ndila alilivuta shuka likatoka katikati yao. "Unadhani nina jambo naye?"

"Sijui. Nilikuona ukicheka."

"Nilicheka. Ananisifu, na mimi nafurahi. Wewe mara ya mwisho umenisifu lini?"

Lile swali lilimuuma kuliko yote aliyokuwa akiyawaza dukani.

"Sina jambo naye," Ndila akasema. "Lakini ungenizuia kwa jina la Mungu, ningekuchukia wewe na dini yako. Na dini yako haijanikosea."

Jumapili akaenda. Baadaye kwaya ikaalikwa kuimba Migwani, na Ndila akaomba alale kwa mama yake. Musyimi alikubali kabla hajamaliza kuomba. Siku yenyewe aliharibikiwa: alimuuzia fundi plagi isiyo ya pikipiki yake, fundi akarudi analalamika, akampa nyingine, nayo haikuingia. Akilini alimwona Mbaluka mbele ya kwaya, mikono hewani, na Ndila hana ruhusa ya kutazama kwingine. Alishika simu akaiweka, akaishika tena.

Jioni Ndila akapiga mwenyewe.

"Mama amelia," alisema. "Halafu nikasahau ubeti wa pili."

"Ukafanyaje?"

"Nikarudia wa kwanza."

Musyimi alijaribu kujizuia, akashindwa. "Mbaluka alisema nini?"

"Alikasirika. Amesema wimbo utapewa mwingine."

Musyimi alijua si vizuri kufurahi. Alimwambia pole, na pole ilikuwa ya kweli. Lakini alifurahi sana, akageuka asionekane na wateja, akamwuliza kama mama mkwe ameshavuna pojo.