Mlango Unaokimbia

Miaka ya ruksa, bidhaa zilipoanza kujaa madukani bila mtu kuuliza zimepita wapi, Hellen alivuka mto Songwe kwenda Karonga, Malawi, kumwona dada yake, akarudi na mashine ya gemu. Aliiunganisha na televisheni ya hoteli yake karibu na stendi ya Kyela, ili wateja wachangamke wakati wali unaiva. Ilikuja na kaseti mbili. Ya mpira waliipenda. Ya pili, isiyo na jina wala picha, ilimtia hasira kila aliyeigusa. Siku moja Emanueli, mnunuzi wa kakao kutoka Ngana, mtu mzima na heshima zake, alikirusha kidude cha kubonyezea kikatua kwenye sufuria ya mchuzi.

Kesho yake Hellen alivibeba vyote hadi kwa Andongwisye, fundi redio.

"Ugonile, fundi," alimsalimu. "Hii kaseti ni mbovu. Nitazamie."

Andongwisye aliiwasha. Akatokea mtu mwembamba mwenye chungu cha maji kichwani, katika nchi yenye mbingu za kijani na nyumba zilizopinduka zikasimama kwa paa. Mshale ulimwelekeza kulia. Kulia kulikuwa na shimo. Kila ndege alipopita, yule mtu alipiga goti kumwamkia, na hapakuwa na kitufe cha kumharakisha. Chungu kilipoanguka alirudishwa mwanzo kabisa, tena aokote vigae kimoja kimoja, vyote kumi na vinne, ndipo aruhusiwe kutembea.

Fundi alisafisha meno ya kaseti kwa spiriti. Hali ile ile. Akaifungua mashine, akapima waya baada ya waya. Nzima. Akacheza tena, na safari hii aliangalia kosa lenyewe badala ya kulikasirikia. Shimo lilikuwa pale pale. Ndege walipita kwa idadi ile ile. Miaka ishirini alikuwa ameishi na vitu vibovu, na alijua kwamba ubovu hauna adabu namna hiyo. Kuna mtu aliyekaa mahali fulani akapanga haya yote, kigae baada ya kigae, kwa makusudi.

Akacheka peke yake.

Kuanzia hapo, kila mchana alipomaliza kazi za watu, aliketi mbele ya yule mtu wa chungu. Mkewe, Anyes, alipita na ungo wa mpunga, akasimama.

"Mume wangu, unaokota vigae vya nani?"

"Vya kwangu. Nimekivunja mwenyewe."

Siku ya tisa alifika mbali kuliko siku zote. Palikuwa na uwanda mtupu na mlango mwekundu umesimama bila nyumba. Alipousogelea, mlango ulirudi nyuma. Alipokimbia, nao ulikimbia. Alijaribu kila kitufe, mpaka Anyes akaita kwamba ugali unapoa. Akakiweka kidude chini, akanawa mikono, akala. Aliporudi, yule mtu alikuwa ameketi, chungu kiko kando yake, na mlango unamjia polepole. Ukasimama mbele yake, ukafunguka. Ndani alikuwamo bibi mmoja. Akapokea chungu, akamwaga maji yote sakafuni, akapiga goti. Basi. Gemu ikaanza upya.

Hellen alipokuja kuchukua vitu vyake, fundi alimwambia kaseti ni nzima, akamwonyesha hadi mwisho. Hellen alitazama mikono ikiwa mapajani. Maji yalipomwagwa alisogea karibu na kioo.

"Yule bibi hakuomba maji," alisema.

"Hakuomba."

"Ni nzuri, fundi. Lakini mteja mwenye njaa hawezi kungojea mlango na wali kwa pamoja. Naipeleka Karonga, nibadilishiwe ya magari. Ndaga, asante sana."

Andongwisye aliichomoa kaseti, akaifuta vumbi, akamkabidhi. Kaseti ikaenda.

Wiki ya pili Emanueli alisimamisha baiskeli mlangoni pake. "Nasikia yule jamaa wa chungu alifika."

Fundi akamsimulia yote. Emanueli alisikiliza uso umekunjamana, kama mtu anayesomewa wosia asimotajwa.

"Kwa nini hukuniita?"

"Nilidhani umeichukia."

"Niliichukia sana! Ndiyo maana ungeniita."

Jumamosi waliacha baiskeli kwa shemeji yake Emanueli kule Kasumulu mpakani, wakavuka daraja, wakapanda pikapu hadi Karonga kuifuata kaseti. Mfanyabiashara aliyembadilishia Hellen aliikumbuka vizuri. Ilikuwa imerudishwa kwake mara tatu. Mara ya nne aliyeichukua alikuwa mwalimu mmoja wa Mzuzu, na huyo hakurudi. Mzuzu ilikuwa mbali. Wakala samaki kwa wali, wakageuza.

Jua lilikuwa bado juu walipozichukua baiskeli. Emanueli aliendesha bega kwa bega na fundi katikati ya mashamba ya mpunga, akimtaka aanze mwanzoni, asiruke kitu.

"Shimo la kwanza," fundi alisema. "Mshale unakuambia kulia."

"Mimi ningekwenda kushoto."

"Kushoto kuna ndege saba."

"Saba!" Emanueli akapiga kengele ya baiskeli kwa furaha. "Na wote unawaamkia?"

"Wote."

"Haya. Endelea."