Mikono Chini ya Mapaja

Gofaone alikuwa ameikalia mikono yake, maana hakuiamini tena. Mara mbili ilishamponza: mtu ameitwa ofisini kuijaribu programu ya kliniki, anakwama kidogo tu, na Gofaone huyo, kidole mbele, kambonyezea. Rre Motlhabane, bwana aliyekuwa mkuu wa idara ya wachambuzi wa mifumo, hakufoka.

"Ukigusa simu ya mtu tena, mma, muda wako wa majaribio kazini umeisha. Kazi yako hapa ni kutazama na kuuliza. Basi."

Na kule kwa waandishi wa programu alikotoka, kiti chake kilishapewa mtu mwingine. Aliomba kuhama kwa hiari yake, tena kwa mbwembwe, akiwaambia wenzake kachoka kuongea na mashine. Sasa aliogopa kufukuzwa.

Leo mbele yake aliketi Mma Oarabile, mama wa umri wa bibi yake, aliyekuja na magwinya, maandazi ya moto ya kuwagawia wenye ofisi. Alitakiwa aombe kwa simu yake siku ya kuchukua dawa zake za presha. Alifika ukurasa wa mwisho, akaganda.

"Hapa nafanyaje, mwanangu?"

Gaborone hii, mkubwa akuulize nawe unyamaze? Mama yake angemzaba kofi. Nyuma ya ukuta wa kioo Rre Motlhabane alisimama, kalamu mkononi.

"Si nakuuliza wewe! Au hapa mmeajiriwa bila midomo?"

"Samahani, mma." Gofaone aliishia hapo.

Mma Oarabile akamsogezea simu karibu na pua. Kitufe cha kuthibitisha kilikuwa pale pale. Gofaone ndiye aliyekiweka, angekibonyeza akiwa amefumba macho. Mkono wa kulia ukaanza kuchomoka. Akaukandamiza kwa paja. Ndipo alipoona kidole cha yule mama kinakikaribia kitufe, kisha kinarudi nyuma.

"Mma," akasema, "unaogopa nini?"

"Enhe, sasa umeuliza. Naogopa kukosea. Tazama, pa kwenda mbele papo, pa kurudi hakuna. Nikibonyeza vibaya, kliniki wakanifuta, dawa nitamwomba nani?"

Kitufe cha kurudi alikiondoa Gofaone mwenyewe, enzi zile za kuandika programu, kwa sababu kilimsumbua kukiandika.

Mlango ukafunguka. "Umeona nini?" Rre Motlhabane akauliza.

Angeweza kusema mama huyu hajazoea simu, na mambo yangeishia hapo.

"Anaogopa, rra. Ukurasa hauna pa kurudi. Niliuandika mimi."

Bosi alimtazama Gofaone. Kisha akaandika neno, akachukua magwinya.

"Asante, mma. Gofaone, mwite anayefuata."

"Kumbe katoto kenu kana adabu," Mma Oarabile akasema akijifunga kitambaa. "Kanaogopa tu."

Gofaone alitaka kuinuka amsindikize. Mikono aliyoikalia ilikuwa imekufa ganzi, ikakataa kumwinua.