Sentensi ya Mfano

Tangu mama aanze kuletewa asali, nyumba yetu ya Gongoni iliingiwa na usingizi. Harufu ilitoka kwenye madumu pale ukumbini, ikapita chini ya pazia na kunikuta chumbani nasahihisha madaftari ya kidato cha pili, na kalamu nyekundu ikaanza kutembea yenyewe. Nilisinzia huku nimekasirika. Sijui kama mnaijua hali hiyo.

Aliyeileta ni Mzee Yahaya wa Igalula, mrina asali aliyefiwa na mke. Kila safari alishuka kwenye treni na dumu lake, akakaa barazani, akanywa maji, akarudi kwao. Kisha akaleta posa. Mama ana miaka sitini na minane, na baba alifariki miaka tisa iliyopita. Nikasema haiwezekani, watu watatucheka. Mama hakubishana nami. Alisema tu kwamba hatatoka humu ndani mimi nikiwa nimenuna. Kila siku alizipanga nguo zake kwenye sanduku, na kila siku akazipangua.

Jumamosi moja mchana niliota. Ile njia ya zamani ya misafara ilipita katikati ya ukumbi wetu. Wapagazi waliingia kwa mlango wa mbele wakatokea uani, polepole, bila vumbi, wamejitwika mizinga, na nyuki waliokuwamo hawakumuuma mtu. Baba alikuwa mmoja wao. Alitua mzigo wake, akakitazama kiti chake, akamtazama mama aliyekuwa akichambua mchele, akatabasamu. Kisha akajitwika tena na kuendelea na wenzake. Nilimwita, hakugeuka.

Nilipofumbua macho, mama alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Mwanne, Nyamizi alikuwa hapa," alisema. Nyamizi ni mjukuu wa Mzee Yahaya, na ni mwanafunzi wangu. "Kaniambia kuna neno la Kiingereza unawafundisha. Open-minded. Maana yake nini?"

Nikaketi. Swali la kazi yangu hunizindua upesi.

"Ni mtu aliye tayari kusikiliza jambo jipya na kulipima, mama, hata kama mwanzoni halikumpendeza."

"Neno zuri. Na linatumikaje?"

Nikayatazama madaftari. Kwa miaka ishirini na miwili nimekuwa nikiandika ubaoni sentensi ileile ya mfano, inayosema kwamba mama yangu si mtu wa namna hiyo. Niliiandika mwaka wangu wa kwanza kazini, kwa utani, kwa sababu mama aliwahi kunikatalia kwenda chuo cha ualimu Morogoro. Wanafunzi walicheka, nami nikaona mfano umenoga.

"Nyamizi kanisomea daftari lake," mama alisema. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Akakaa kitandani kando yangu. "Ni kweli nilikukatalia. Nilisema mtoto wa kike haendi mbali peke yake, watu watasema. Siku ya kwanza nikasema hivyo, na ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu nani alikubebea sanduku mpaka stesheni?"

Nilimwona tena, na kanga yake ya manjano, sanduku kichwani, ametangulia mbele yangu njia nzima. Nilimwita mara mbili. Hakugeuka, alisema tu sanduku ni zito, nami nikaamini kwamba bado ana hasira na mimi. Sikuwa nimelisahau lile sanduku. Ila sikuwahi kulitumia kama mfano.

"Mimi ilinichukua siku tatu," alisema mama, akinipa kikombe. "Wewe, mwalimu, hii ni wiki ya sita."

Nilicheka, kisha nikaona aibu ambayo sijapata kuiona tangu nizaliwe. Nikamshika mkono. Tulikaa hivyo mpaka chai ikapoa, na ile harufu ya asali ikatuzunguka wote wawili.

Ndoa ilifungwa Ijumaa iliyofuata. Jumapili Mzee Yahaya alitangulia stesheni kushughulikia tiketi, na mama akataka tuite bajaji. Nilikataa. Nilikunja kitenge nikafanya ngata, nikajitwika sanduku lake, mwalimu mzima. Majirani walitoka milangoni kututazama, nami nikawaacha watazame. Jua lilikuwa laini, na barabara ilionekana kama imelowa maji huko mbele. Nilitangulia. Nyuma yangu nilisikia ndara za mama zikinifuata taratibu, kwa mara ya mwisho kutoka nyumba ile.

"Mwanne," aliniita. Kisha akaniita tena. "Mbona hugeuki, mwanangu?"

"Sanduku zito, mama," nikamjibu.