Msumari wa Ufunguo

Zamani ufunguo wa pikapu yangu ulikaa kwenye msumari, nje ya mlango wa jikoni, na majirani wote hapa Kathiani walijua. Mtu akiwa na mgonjwa, au mahindi ya kupeleka sokoni Machakos, alichukua tu. Akirudisha, aliacha petroli kidogo kwenye tangi au maembe kwenye kiti. Sikumuuliza mtu alikoenda. Ningemuuliza ya nini?

Kisha wakaweka kamera barabarani, eti kwa usalama wetu. Mwezi uliopita nikaitwa kituoni. Afisa akanisomea kwenye kompyuta: Jumanne gari lako lilipita hapa, Alhamisi pale, Jumapili lilikuwa Athi River.

"Mzee Kisilu, ulienda kufanya nini huko?"

"Si mimi niliyeendesha."

"Nambari ni yako. Basi tuambie ni nani."

Niliwajua wote, kila mmoja na shida yake. "Mimi si mchongezi wa majirani!" nikamfokea. Akaandika kwamba nimekataa kujibu.

Nilipofika nyumbani niliutoa ule ufunguo msumarini, nikautia mfukoni.

Jana asubuhi jirani yangu Nduku alikuja mbio, mama yake amezidiwa. Mkono wake ulienda moja kwa moja kwenye msumari, ukapapasa ukuta mtupu. Akageuka kuniangalia.

Nikautoa ufunguo mfukoni. Kabla sijamkabidhi, nikausikia mdomo wangu mwenyewe ukimuuliza, "Unaenda wapi?"