Alfayo Alivyochinjwa, Sehemu ya Pili

Filamu yetu ya kwanza ilichekwa kutoka Riyadh hadi Jeddah. Tuliipiga kwa simu yangu Ijumaa moja, katika ghala la vigae tunakofanya kazi huku Sulay, Riyadh, na damu ilikuwa sharubati. Kwenye grupu la Wakenya waliandika kwamba marehemu anaonekana akimeza mate. Iliniuma, kwa sababu mwongozaji ni mimi, Zacharia. Nikaapa sehemu ya pili hakuna atakayecheka.

Safari hii nilinunua nyanya ya kopo, na matumbo ya mbuzi kutoka bucha moja ya Shumaisi. Alfayo, dereva wetu wa foklifti, akalala sakafuni akachinjwa vizuri sana, kovu la shavuni likionekana wazi. Brayo, aliyekuwa muuaji, alitapika kweli. Nikaituma.

Hakuna aliyecheka. Ikasambazwa, na mjanja mmoja akakata jina la filamu mwanzoni na majina yetu mwishoni. Wengine waliandika hawajalala. Mimi nilivimba kichwa wiki nzima.

Rispah, dadake Alfayo, ni mfanyakazi wa ndani huko Aziziya, Jeddah. Madam humrudishia simu Ijumaa tu. Alipoiwasha alikutana na lile kovu. Akampigia kaka yake, mafi, hapatikani. Ikama ya Alfayo, kibali cha kuishi huku, ilikuwa imekwisha, kafili aliyemwajiri hajaishughulikia, na laini ya simu ikafungwa. Rispah akapiga nyumbani Vihiga, akasema alichokiona.

Kwetu jeneza kutoka Saudia halimshangazi mtu tena. Mtu fulani akasema maiti inafika Alhamisi. Jumatano wakachimba kaburi.

Siku hiyo ndipo nilipoona picha ya Alfayo kwenye grupu, na maneno "Pumzika ndugu yetu." Alikuwa kando yangu akila chapati. Akaninyang'anya simu, akapiga nyumbani.

"Mama, ni mimi. Alfayo."

"Alfayo gani?"

"Niko mzima, Mama. Ile ilikuwa tu movie."

Mama akamjaribu. "Ng'ombe wetu aliyekufa ukiwa class three aliitwa nani?"

"Malaika."

Hapo akalia mpaka Alfayo akaiweka simu mbali na sikio. Alipopata sauti akasema, "Sasa mwanangu, kaburi limeshachimbwa. Haliwezi kulala wazi."

Hilo nalijua, mimi na Alfayo kwetu ni kumoja. Kaburi likishafunguliwa sharti lipewe kitu, lisije likadai lenyewe. Alhamisi wakazika mgomba, na kesho yake video ikatufikia. Mgomba ulikuwa umevikwa sweta ya shule ya Alfayo. Mama yake alikuwa amezungumza naye siku iliyotangulia, anajua kabisa yu hai, na bado ilibidi wanawake watatu wamshike asiingie shimoni.

Sijawahi kuongoza kitu kama kile, wala sitaweza.

Alfayo aliitazama mara mbili, akanirudishia simu.

"Futa ile yetu," akasema.

Nikaifuta hapohapo, akiona. Kwenye simu za watu wengine bado anachinjwa.