Birika kwenye Stabilaiza

Ukweli wenyewe fundi aliujua siku ya kwanza, tena ndani ya robo saa. Watu walimwita Bisibisi, na kwa kompyuta zilizopigwa na umeme hakuwa na mpinzani mtaa mzima. Hii aliyoletewa na mama mmoja aliinusa kwanza, maana pua ndiyo ilikuwa kipimo chake cha mwanzo. Akachomoa nyaya za pawasaplai, kile kisanduku cha kuigawia mashine umeme, akauunganisha wa kijani na mweusi kwa kibanio cha karatasi. Feni haikugeuka ng'o. Akafunga pawasaplai yake ya majaribio, mashine ikalia mlio mmoja, ikawaka. Pawasaplai tu ndiyo iliyokufa; bodi nzima, memori nzima, diski nzima. Kazi imekwisha, hapo ni kumwambia mwenyewe aichukue.

Hakumwambia. Mwenye kompyuta alikuwa mkunga mstaafu, na humo alikuwa ameandika kila mtoto aliyempokea kwa miaka thelathini na minne: tarehe, saa, uzito, na neno moja mawili la kumkumbukia. Madaftari ya zamani mchwa walishayamaliza, kwa hiyo orodha haikuwako kwingine kokote. Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto.

"Hao ndio wangu, fundi," alimwambia. "Naomba usinipotezee."

Wakati akipima, yule mama alikaa kwenye kigoda akamsimulia habari za mtoto aliyezaliwa kwenye foleni ya benki, na meneja aliyezimia kabla ya mama mzazi. Bisibisi alicheka mpaka akajifuta machozi. Tangu mkewe afariki, miaka mitatu sasa, walioingia karakanani kwake walitaja kilichoharibika wakaondoka zao. Basi mama alipouliza ameona nini, ulimi ukamponyoka: bodi inamtia wasiwasi, arudi kesho.

Kesho ikazaa kesho, wiki ikakatika. Na hapa ndipo mtu unapotamani kumzaba kibao. Kila fundi anajua, na yeye ndiye aliyewapigia wenzake kelele, kwamba kabla ya kugusa chochote unanakili diski ya mteja. Lakini akinakili, mama si atachukua nakala yake akae kwake? Hakunakili. Badala yake kila asubuhi aliiwasha mashine akasoma ile orodha, ili mama akifika awe na la kumuuliza.

Siku ya saba akanunua birika la umeme, amwandalie chai. Stabilaiza yake, ya kuutuliza umeme unaoruka, ilikuwa na tundu moja tu. Akalitazama birika linavyong'aa, akaona huruma, umeme wenyewe wa kukatika na kurudi kwa kishindo, usije ukaliunguza. Akaichomoa kompyuta, akaichomeka moja kwa moja ukutani, tundu la stabilaiza akalipa birika. Birika, jamani!

Maji yalikuwa yamechemka umeme ulipokatika. Akaenda kusuuza vikombe. Uliporudi, taa ilimeremeta ikapasuka, na harufu ikamfikia kabla hajaifikia meza.

Akapima. Pawasaplai ile ya majaribio, imekufa. Bodi, imekufa. Diski akaihamishia mashine nyingine: kimya. Akabadilisha waya: kimya. Ubao mdogo wa chini yake ulikuwa umetoboka kwa moto, akaubandua akafunga wa diski nyingine ya aina hiyohiyo. Ikagonga mara mbili tatu, ikanyamaza. Hapo hakuwa na kingine cha kujaribu.

Mama alifika saa nne kama kawaida yake. Bisibisi alimweleza yote akiwa amesimama, tangu ile robo saa ya kwanza, na birika hakuliruka. Mama aliishika diski kiganjani.

"Nilijua inawaka," alisema. "Jumanne uliniuliza habari za pacha wa stoo ya mbao. Sikuwa nimekusimulia. Wamo humu tu."

"Mbona hukusema, mama?"

"Ningesema, ningebaki na sababu gani ya kuja?"

Akaifunga diski kwenye leso yake, akainuka. Chai, alisema, fundi anywe tu mwenyewe. 

Bisibisi akatoa daftari, akaanza kuandika aliowasoma asubuhi zile. Wa foleni ya benki. Pacha wa stoo. Yule wa kilo tano na robo, aliyeandikiwa "alitoka amekunja ngumi." Akakuna kichwa, akafuta, akaandika tena. Jua lilipozama alikuwa amepata kumi na mmoja, kati ya elfu mbili na mia tatu na ushee.

Kesho yake akatia maji ya watu wawili kwenye birika, akakivuta kigoda mahali pake, akaliweka daftari juu. Saa nne akainua kichwa. Saa tano akainua tena. Jioni akayamwaga maji, akafunga mlango.