Ukuta wa Mikono Sita

Hii hutaiamini, na mbaya zaidi sina hata video, mimi ambaye narekodi mpaka maji yakichemka. Ukuta wa nyumbani kwetu ulivuliwa gamba kama nyoka, mchana kweupe, wageni wakiwa ndio kwanza wamefika. Na aliyeuvua ni mimi.

Ngoja nianze vizuri. Baba yangu ni fundi rangi. Miaka thelathini yuko na rola, nusu ya mtaa huu ameupaka yeye. Sasa mafundi rangi hawahesabu mara, wanahesabu mikono: mkono wa kwanza, mkono wa pili. Baba ana msemo wake kwamba hajawahi kuona ukuta uliokataa mkono mmoja zaidi. Kwa hiyo chumba chetu cha nyuma kilipoota ukungu mweusi chini ya dirisha, unadhani alifanya nini? Aliupaka. Ukungu ukatulia miezi miwili, ukarudi umenenepa. Akaupaka tena. Mama akawa anamwambia, "Mume wangu, huo huupaki, unaulisha." Kila mwaka mkono mmoja, mpaka mwaka huu ukuta ulishakula mikono mitano.

Alhamisi dada yangu akapiga simu, nikaiweka spika mezani. Anakuja Jumamosi kwa kozi ya miezi mitatu, pamoja na mtoto wake wa miaka minne. Mtoto ana pumu. Mwezi uliopita alilazwa siku mbili, akipumua kwa mashine.

"Baba, kile chumba bado kina ukungu?"

"Ukungu gani?" Baba akauliza, kama mtu anayeulizia jirani aliyehama zamani.

Mama akakohoa. Si ugonjwa, ni ushahidi.

"Sitanii, Baba. Nikikuta hata doa moja, tunahamia kwa wakwe zangu. Wao chumba chao ni kikavu."

Hapo alimchoma penyewe. Wakwe ndio wanaomwona huyo mtoto kila wiki. Babu wa kule anaitwa babu. Wa kwetu anaitwa babu wa simu. Baba akisikia hivyo anacheka, halafu anatoka nje kwenda kuosha brashi ambazo ni safi.

Ijumaa, hata uso sijanawa, nasikia rola inapanda inashuka.

"Baba, subiri kwanza, nimesoma hapa."

"Umesoma wapi?"

"Kwenye simu."

"Hiyo simu imeshawahi kupaka hata kibaraza?"

Nikamsomea hivyo hivyo. Kwamba ukungu unaishi kwa unyevu, ukiufunika bila kuukausha ukuta, unaendelea na maisha yake chini kwa chini, na vumbi lake ndilo linalobana vifua vya watu wenye pumu. Akasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa, kisha akachovya rola.

"Mtoto analala hapa kesho, mwanangu. Kukausha ukuta ni wiki. Rangi ni saa mbili."

Mara Mama naye huyo, na ndoo. Ameamua kusaidia. Kabeba klorini, kabeba siki, kabeba na asidi ya choo.

"Vyote vikiungana, si utakufa huo?"

"Mama, tutatangulia sisi."

Akaniangalia kama nimemtukania ndoo yake. Nikamshikisha chupa ya klorini, akavaa miwani, akasoma yale maandishi madogo kwamba isichanganywe na kitu chochote, hewa yake inaunguza mapafu. Akazitenganisha zile chupa, moja jikoni, moja bafuni, moja uani, kama watoto waliokamatwa wakipigana.

Baba hakushuka kwenye ngazi. Mkono wa sita huo ukaenda.

Jumamosi ukuta unang'aa mpaka unaumiza macho. Baba akanivuta korido. "Ukifungua mdomo, simu yako utachajia kwa jirani."

Dada akafika, akasimama katikati ya chumba akinusa kama paka. Rangi tupu.

"Umekitengeneza kweli, Baba?"

"Mimi si fundi?" Ona jibu hilo. Hajadanganya, na ukweli hajausema.

Mtoto akamwangalia toka viatu mpaka kofia. "Wewe ndiye babu wa simu? Mbona una miguu?"

Jamani, Baba alicheka mpaka akafuta macho. Akambeba mabegani, akampeleka moja kwa moja kwenye godoro, chini ya dirisha, ukuta ule ule. Nami nikaona. Juu ya mto rangi ilikuwa imeshaumuka, lengelenge ukubwa wa kisosi. Mtoto akakohoa mara moja. Labda safari. Labda vumbi la njiani. Baba akaniangalia, na safari hii halikuwa jicho la kunitisha. Alikuwa ananiomba.

Nikaweka simu chini.

"Dada, mtoe mtoto nje kwanza," nikasema. Walipotoka nikafunika pua kwa kanga ya Mama, nikashika lile lengelenge, nikavuta. Mikono sita yote ikaja kwa pamoja, imelegea kama nguo mbichi, nyeupe, kijani, maziwa, mpaka usawa wa kiuno. Chini yake kweusi, na kunatoa jasho.

Mama akachungulia, akamwambia Baba, "Basi leo umeuona ukuta uliokataa."

Dada hakugomba. Alirudi, akatazama, akachukua begi. "Fungueni dirisha angalau," akasema, akavuta komeo. Halikuja. Nikavuta mimi. Akavuta Mama. Ndipo tukaelewa sote kwa wakati mmoja: kila mwaka Baba alipopaka ukuta, alipaka na fremu. Dirisha lilishagandishwa na rangi. Chumba hakijavuta pumzi miaka mitano, na aliyekiziba ni fundi mwenyewe. Mama alicheka mpaka akakaa kwenye godoro.

Baba hakucheka. Alichukua kisu akakata rangi kuzunguka fremu, taratibu, mpaka likafunguka. Kisha akamwambia Dada, "Mpeleke kwa wakwe. Nipe siku tisa." Sijawahi kumsikia Baba akiomba siku.

Siku hiyo hiyo akaanza. Barakoa, glavu, mlango umefungwa, dirisha wazi. Aliulowesha ukuta kwanza ndipo akakwangua, vumbi lisiruke, mabaki yote kwenye mifuko iliyofungwa. Akasugua kwa sabuni. Kesho yake klorini na maji, peke yake, bila marafiki. Kabati kalisogeza mbali na ukuta, na Mama kapigwa marufuku kuanika nguo humo ndani. Rangi hajagusa.

Leo ni siku ya saba. Kila asubuhi anaweka kiganja ukutani kama anampima mtu homa. Juu kumekauka. Chini bado kuna ubaridi. Na jana Dada kasema mtoto kanunuliwa baiskeli huko kwa wakwe.

"Ungenivuta pembeni," Baba kaniambia.

"Nilikuvuta, Ijumaa."

"Ungenivuta zaidi." Akarudi kupapasa ukuta wake.

Mama anasema nilifanya vizuri, ila anayasema hayo Baba akiwa ametoka. Haya, wewe sasa. Mtoto yuko kwenye godoro, lengelenge unaliona, na baba yako mzazi anakuomba kwa macho. Ungefanyaje?